Paka akianguka ghorofani: Wiki sita za kumuuguza nyumbani mpaka apone

Mchafukoge na maeneo ya jirani kama Kisutu na Kariakoo ni mitaa ya maghorofa. Chini kuna duka, juu yake stoo, na juu zaidi familia zimepanga vyumba vyenye vibaraza vinavyotazama barabara. Katikati ya yote hayo yupo paka.

Wengine wanamfuga kwa sababu ya panya wanaotafuna magunia na mabelo ya nguo. Wengine wamemkuta tu kwenye ngazi akiwa mdogo, wakampa dagaa, hajaondoka tena.

Maisha yake yana hatari mbili kubwa. Juu kuna ukingo wa kibaraza na dirisha lisilo na wavu. Chini kuna bodaboda, bajaji, mikokoteni na mabasi ya mwendokasi yanayopita Barabara ya Morogoro.

Waswahili wakimwona mtu asiyekufa kirahisi husema ana "roho ya paka". Usemi mzuri, lakini ndio unaowaponza paka wengi. Akianguka, akasimama na kujificha chini ya kitanda, watu wanasema "huyo hana shida, atapona mwenyewe". Siku ya tatu wanamkuta amekufa.

Ukweli ni kwamba paka aliyeumia vibaya anaweza kupona, tena vizuri tu. Ila kupona kwake hakuishii mezani kwa daktari. Kunategemea sana wiki zinazofuata, akiwa nyumbani, mikononi mwa watu wasio na ujuzi wowote wa udaktari. Haya ndiyo wanayopaswa kuyajua.

Kwa nini anaanguka, na kwa nini hafi pale pale

Paka akiwa hewani hujigeuza miguu ikatangulia chini. Mifupa yake ni myepesi na mgongo wake unapinda kirahisi, kwa hiyo kishindo kinasambaa mwilini badala ya kupiga sehemu moja.

Mwaka 1987 madaktari wawili wa mifugo wa New York, Wayne Whitney na Cheryl Mehlhaff, walichapisha utafiti kuhusu paka 132 walioanguka kutoka kwenye majengo marefu na kufikishwa hospitali moja ya wanyama jijini humo. Kwa wastani walikuwa wameanguka kutoka kati ya ghorofa ya tano na ya sita. Kati ya waliotibiwa, asilimia 90 waliishi.

Namba hiyo inapendeza, lakini isomwe vizuri. Waliohesabiwa ni waliofikishwa hospitali. Waliokufa njiani au waliookotwa wakiwa maiti hawakuingia kwenye hesabu. Na zaidi ya theluthi moja ya waliofikishwa walihitaji matibabu ya dharura ili waendelee kuishi.

Majeraha ya kuanguka yana mtindo wake: kifua, uso na miguu. Mapafu yanapata michubuko au hewa inavuja kifuani. Kidevu kinagonga chini, taya linavunjika au kaakaa linapasuka. Miguu na nyonga navyo vinaweza kuvunjika.

Aliyegongwa na pikipiki ana mtindo tofauti kidogo. Nyonga huvunjika sana, na mkia ukinaswa kwenye gurudumu mishipa ya fahamu inayoongoza kibofu inaweza kuvutika. Paka wa namna hiyo anatembea, anakula, lakini hakojoi. Huyo yuko hatarini kuliko anayechechemea.

Saa ya kwanza: usimbebe kwa ngozi ya shingo

Paka mwenye maumivu anang'ata hata anayempenda. Mfunike kwa khanga au taulo, kisha msogeze taratibu juu ya kitu kigumu kama ubao au sinia kubwa, ndipo umwingize kwenye boksi. Kariakoo maboksi hayakosekani. Toboa matundu ya hewa na ufunge juu.

Kama damu inatoka, bonyeza kitambaa safi juu ya jeraha kwa dakika tano bila kufunua kuangalia. Usifunge kamba kukaza mguu. Usijaribu kunyoosha mfupa wala kufunga vijiti, kwa sababu kiungo kilichofungwa vibaya kinaumia zaidi.

Usimpe chakula wala maji kabla hajaonwa na daktari. Huenda akahitaji nusu kaputi, na anayepumua kwa shida anaweza kupaliwa.

Angalia fizi zake. Za waridi ni dalili nzuri. Zikiwa nyeupe, kijivu au bluu, au kama anapumua mdomo wazi kama mbwa, hiyo ni dharura ya sasa hivi, hata kama hana tone la damu mwilini.

Na kama hana dalili yoyote? Bado apelekwe siku hiyo hiyo. Msuli unaotenganisha kifua na tumbo unaweza kuchanika, na dalili zikachelewa kuonekana.

Ukifika kwa mtoa huduma, una haki ya kuuliza kama amesajiliwa na Baraza la Veterinari Tanzania, chombo kilichopo kwa mujibu wa Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003. Swali hilo si kumdharau mtu. Si kila anayeuza dawa za mifugo ni daktari wa mifugo. Kwa tatizo zito, anaweza kukuelekeza Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, SUA, Morogoro, ambako madaktari wa mifugo wanafundishwa.

Panadol ni sumu kwa paka

Hili linastahili kusemwa peke yake, kwa sababu ndilo kosa linalofanywa kwa nia njema kabisa.

Mtu anaona paka anaumia, kabatini kuna Panadol, anavunja nusu kidonge na kumtilia kwenye maziwa. Ini la paka halina uwezo wa kutosha wa kuvunjavunja paracetamol. Dawa inageuka sumu, inaharibu chembe nyekundu za damu, na damu inashindwa kubeba oksijeni.

Paka wa mtaani wengi wana uzito wa kilo tatu hadi tano. Kidonge kimoja cha miligramu 500 kinaweza kumuua. Nusu yake pia ni hatari. Dalili zake ni fizi kuwa za kahawia au bluu, uso na nyayo kuvimba, kupumua kwa shida na kulegea.

Diclopar, ambayo wengi hunywa kwa maumivu ya mgongo, nayo ina paracetamol pamoja na diclofenac. Ibuprofen na aspirini pia si za kumpa. Kama tayari amepewa, usisubiri dalili. Mpeleke kwa daktari mara moja ukiwa na pakiti ya dawa mkononi, na useme ukweli wa kiasi na saa uliyompa. Dawa ya kupunguza sumu hiyo ipo, lakini inasaidia zaidi ikiwahi.

Hatari nyingine ni dawa ya viroboto na kupe ya mbwa. Nyingi zina permethrin, ambayo inamtetemesha paka na kumtia degedege. Dawa ya mbwa ibaki kwa mbwa.

Dawa za maumivu za paka zipo. Anayezipanga ni daktari, kwa uzito wa paka aliyempima. Na antibayotiki zikiandikwa siku saba, ni siku saba, hata kama siku ya tatu anaonekana mzima.

Mfungie, lakini si kifungoni

Mfupa unahitaji kutulia ili uunge. Kwa paka mzima, mfupa uliovunjika mara nyingi huchukua wiki sita hadi nane. Watoto wa paka huunga haraka zaidi. Ndani ya muda huo, kuruka mara moja tu kutoka kabatini kunaweza kuharibu kazi yote ya daktari.

Kwa hiyo paka lazima akae sehemu ndogo. Wengi wanaona huruma, na baadhi ya Waislamu wanakumbuka hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia. Lakini hadithi hiyo inasema hakumlisha wala hakumwacha ajitafutie. Kumtenga mgonjwa ukiwa unamlisha, unamnywesha na kumsafisha ni jambo jingine.

Anayeishi chumba kimoja afanyeje? Kizimba kikubwa cha mbwa kinafaa. Kama hakipo, fundi wa mabanda ya kuku anaweza kutengeneza kwa mbao na wavu. Hata boksi kubwa la friji lililokatwa upande mmoja na kufungwa wavu linasaidia siku za mwanzo. Kipimo ni rahisi: aweze kulala akiwa amejinyoosha, kusimama na kugeuka, na choo kikae mbali na chakula.

Usimweke bafuni kwenye vigae vitupu. Vigae vinateleza, na mguu mmoja ukiteleza nyonga inaumia upya. Tandika mkeka, juu yake taulo au shuka kuukuu ambalo utalifua kila siku.

Joto la Dar es Salaam ni suala jingine, hasa Desemba mpaka Machi. Kizimba kisipigwe jua la dirishani, na feni isimpulize moja kwa moja. Siku za mwanzo, hasa baada ya nusu kaputi, anaweza kuwa wa baridi. Chupa ya maji ya moto iliyozungushiwa taulo iwekwe pembeni yake, aweze kuisogelea au kuikimbia mwenyewe.

Funika upande mmoja wa kizimba kwa kitambaa. Paka mwenye maumivu anataka pa kujificha, na kelele za mtaani zinamchosha. Watoto wa nyumbani waelezwe mapema kwamba mgonjwa hachezewi.

Asipokula siku moja, piga simu

Paka hafungi kula kama mbwa. Asipokula siku mbili au tatu, mafuta ya mwilini yanakimbilia kwenye ini na kuliziba. Wanene ndio wako hatarini zaidi. Kwa hiyo saa 24 bila kula ni sababu ya kumpigia daktari, siyo ya kusema "akisikia njaa atakula".

Chakula kizuri kwa mgonjwa ni samaki wa kuchemsha aliyetolewa miiba yote, kuku wa kuchemsha asiye na mifupa, maini kidogo, au dagaa walioloweshwa ili chumvi itoke kisha wakachemshwa. Ugali peke yake haumjengi, maana paka ni mla nyama. Ukitaka kuuchanganya, uwe kidogo na nyama iwe nyingi.

Usimpe mchuzi wa sufuria ya nyumbani. Vitunguu maji na vitunguu saumu, vibichi au vilivyopikwa, vinaharibu chembe nyekundu za damu yake. Maziwa ya ng'ombe nayo yanawaharisha paka wakubwa wengi. Samaki mbichi wa kila siku hafai pia, kwa sababu baadhi ya samaki wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1.

Paka anakula kwa pua. Pasha chakula kiwe vuguvugu, harufu itoke. Mpe kidogo kidogo, mara nne hadi sita kwa siku. Kama uso umeumia, futa pua yake taratibu kwa pamba na maji ya vuguvugu, kwa sababu asiponusa hatakula.

Mwenye taya lililofungwa waya anahitaji chakula kilichosagwa laini kwenye blenda. Akishindwa kulamba, daktari anaweza kukuonyesha jinsi ya kumlisha kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Ingiza pembeni mwa mdomo, nyuma ya jino refu, tone kwa tone, na usimwinamishe kichwa nyuma. Akikohoa, acha.

Hesabu mkojo

Kati ya vitu vyote vya kuandika kwenye simu yako, cha kwanza ni hiki: amekojoa lini, na kiasi gani.

Saa 24 bila mkojo ni dharura. Huenda kibofu kimepasuka, au mishipa yake ya fahamu imelala. Paka dume anayeingia chooni mara kwa mara na kutoka bila kitu naye asingojewe.

Choo kiwe trei yenye ukingo mfupi, mwenye mguu mbovu aweze kupanda. Badala ya mchanga, tumia magazeti yaliyochanwachanwa. Mchanga unaingia kwenye mshono na ndani ya bendeji.

Mama mjamzito asisafishe choo cha paka kama yupo mtu mwingine wa kufanya hivyo. Kinyesi kinaweza kuwa na vimelea vya toksoplazma, ambavyo vinaweza kumdhuru mtoto tumboni. Kama hakuna mtu mwingine, avae glovu, asafishe kila siku bila kuruka, na anawe kwa sabuni.

Kidonda: maji ya chumvi tu, Dettol hapana

Kidonda cha wazi kinasafishwa kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, yenye kijiko kimoja cha chai cha chumvi kwenye nusu lita. Mimina au panguza taratibu, kausha kwa kitambaa safi, basi.

Usipake Dettol, spiriti, mafuta ya taa wala oili chafu. Paka anajilamba. Chochote unachopaka juu ya ngozi kitaishia tumboni, na kemikali zilizomo kwenye Dettol zinamdhuru. Spiriti inachoma na kuua nyama changa inayoota.

Mate ya paka nayo si dawa. Kulamba kunaleta bakteria na kufungua nyuzi. Ndiyo maana daktari anamvalisha kola ya shingoni, ile inayofanana na faneli. Haivuliwi kwa huruma. Vidole viwili vipite kati ya kola na shingo, na bakuli liwe bapa ili aweze kula akiwa nayo. Kama imepotea, ulizia nyingine kabla ya usiku, kwa kuwa usiku mmoja unatosha kufumua mshono.

Nyuzi kwa kawaida hutolewa baada ya siku 10 hadi 14. Kila siku angalia mshono asubuhi na jioni. Wekundu kidogo siku mbili tatu za mwanzo ni kawaida. Usaha, harufu, uvimbe unaokua au mshono kuachia si kawaida.

Halafu kuna nzi. Kwa joto la hapa, mayai ya nzi kwenye kidonda yanaweza kuanguliwa kuwa funza ndani ya siku moja. Wavu wa mbu juu ya kizimba ni kinga ya bei nafuu kuliko zote.

Aliyefungwa bendeji au hogo achekiwe vidole mara mbili kwa siku. Vikivimba, vikiwa vya baridi au vikianza kunuka, arudi siku hiyo hiyo. Bendeji iliyobana inaweza kuua mguu mzima uliokuwa unapona. Isilowe pia. Ikilowa mkojo, ibadilishwe.

Hatasema anaumwa, soma uso wake

Porini mnyama anayeonyesha udhaifu analiwa. Paka wa Mtaa wa Jamhuri bado ana akili hiyo. Anaficha maumivu.

Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Montréal, Canada, walichapisha kipimo cha maumivu kinachotumia uso wa paka. Kinaangalia vitu vitano: masikio, macho, mdomo na pua, masharubu, na kichwa kimekaaje.

Asiye na maumivu ana masikio yaliyosimama yakitazama mbele, macho wazi, uso uliolegea, masharubu yaliyopinda kwa utulivu na kichwa juu ya mabega. Mwenye maumivu anatanua masikio pembeni, anafinya macho, uso unakaza, masharubu yananyooka na kichwa kinashuka chini ya mabega.

Dalili nyingine ni kujikunyata, kuacha kujisafisha manyoya na kukataa kuguswa sehemu fulani. Kukoroma kwa raha kusikudanganye. Paka anakoroma hata akiwa na maumivu makali.

Pumzi nayo ina hesabu yake. Akiwa amelala, hesabu kifua kinavyopanda kwa sekunde 30, kisha zidisha mara mbili. Chini ya 30 kwa dakika ni sawa. Ikipita 40 akiwa ametulia, mpeleke.

Akikung'ata

Meno ya paka ni membamba na yanaingia ndani. Kidonda kinaonekana kidogo, ndani kimebeba bakteria. Osha kwa maji mengi yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha nenda kituo cha afya siku hiyo.

Kama ni paka asiyejulikana chanjo yake, sema hivyo kwa mhudumu. Kichaa cha mbwa kinampata paka pia, na dalili zikishaanza kwa binadamu karibu kila mgonjwa anakufa. Chanjo inayotolewa mapema ndiyo inayookoa.

Paka wa wote, gharama ya nani?

Hapa ndipo penye mtihani mkubwa kwa mitaa ya katikati ya jiji. Paka wengi hawana mwenyewe. Analala kwa mwenye duka la viungo, anakula kwa mama lishe, mlinzi anamjua kwa jina. Siku akigongwa, kila mtu anamtazama mwenzake.

Kinachosaidia ni kugawana kazi mapema kuliko kulaumiana baadaye. Mmoja ana chumba, mwingine analeta samaki, wa tatu anachangia dawa, wa nne ana usafiri wa kumrudisha kliniki. Kundi la WhatsApp la jengo, ambalo kwa kawaida ni la kudaiana pesa za maji na taka, linaweza kufanya kazi hiyo.

Kwa daktari, ongeeni pesa kabla. Uliza bei ya kumwona, ya eksirei, ya upasuaji na ya kurudi mara ya pili na ya tatu. Uliza pia njia mbadala. Kwa mguu uliosagika, kuukata kunaweza kugharimu kidogo kuliko kuweka vyuma, na paka wa miguu mitatu anaishi vizuri. Baada ya wiki chache wengi wao wanakimbia na kupanda.

Na lipo swali ambalo hakuna anayelipenda. Kama uti wa mgongo umekatika, kibofu hakifanyi kazi na maumivu hayashikiki, daktari anaweza kupendekeza alazwe asiamke. Muulizeni mambo matatu: atapata nafuu gani, baada ya muda gani, na nani atamhudumia kila siku mpaka wakati huo. Majibu yakikosekana, kumlaza si ukatili.

Ukatili ni kumwacha kwenye mtaro afe polepole. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na inakataza kumtesa mnyama. Haisemi paka wa duka tu au wa mtaani tu.

Kabla hujafungua mlango

Wiki ya sita ikifika, usimwachie nyumba nzima siku moja. Anza na chumba kimoja kisicho na kitu cha kupandia, dakika kumi mara mbili kwa siku, ukimtazama. Wiki inayofuata ongeza muda. Misuli iliyolala inahitaji kuamshwa taratibu. Kama bado anachechemea au anakataa kukanyaga mguu, rudi kwa eksirei nyingine kabla ya kuendelea.

Kata kucha zilizorefuka, maana hakuwa na pa kuzinolea. Mpime uzito. Duka lenye mzani halikosekani mtaani: pima boksi tupu, kisha pima likiwa na paka ndani.

Halafu rudi pale alipoangukia. Wavu wa mbu dirishani haumzuii paka, anaupasua kwa kucha au anauegemea ukachomoka. Anahitaji wavu wa chuma uliopigiliwa kwenye fremu, na kwenye kibaraza wavu upande mpaka juu. Nondo za kuzuia wezi peke yake hazisaidii, kwa sababu anapita katikati yake.

Zungumza na daktari pia kuhusu kumfunga kizazi akishapata nguvu. Dume anayenusa jike, au jike aliye kwenye joto, haoni ghorofa ya nne kuwa juu. Chanjo ya kichaa cha mbwa ifanywe wakati huo huo.

Kazi yote hii kwa siku haizidi saa moja: kulisha, kusafisha choo, kuangalia kidonda, dawa, kuhesabu pumzi. Kinachoshinda wengi ni kuifanya kila siku kwa siku 42, hasa kuanzia wiki ya tatu, paka anapolia mlangoni na kuonekana mzima. Mfupa wake wakati huo bado ni laini. Mlango ubaki umefungwa.